Fiziotherapia ya nyonga kwa wanaotafuta mtoto: maswali tunayoulizwa Tabora

Maswali haya ni ya watu wanaokuja kutibiwa, wanaopiga simu kutoka Urambo, Sikonge na Kaliua, na wanaonivuta pembeni baada ya ibada au sokoni. Yanarudi kila wiki, karibu kwa maneno yale yale. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu chumbani mlango ukiwa umefungwa, bila kuzunguka. Kama una haraka, soma kwanza swali la vipimo, kisha nenda kwenye linalokuhusu.

## Ya msingi

Fiziotherapia ya nyonga ni nini hasa?

Ni tiba ya misuli, maungio, mishipa ya fahamu na makovu ya eneo la kiuno na chini ya tumbo. Inatumia mikono, mazoezi, pumzi na mafundisho. Katikati yake kuna misuli tunayoiita sakafu ya nyonga, iliyotandazwa toka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Inabeba kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Inazuia mkojo na haja kubwa, na inatakiwa iweze kulegea wakati wa haja, wakati wa tendo la ndoa na wakati wa kujifungua.

Fikiria kitanda cha kamba. Kamba zikilegea sana, unazama katikati. Zikivutwa kupita kiasi, unalala kama juu ya ubao na usingizi hauji. Watu wengi wanajua tatizo la kamba kulegea. La kamba kukazwa mno halisemwi, na kwa anayetafuta mtoto mara nyingi ndilo lenyewe.

Hiyo inahusiana vipi na kushika mimba?

Mimba inataka yai lililopevuka, mbegu zenye nguvu, mirija iliyo wazi na kizazi kinachoweza kupokea. Lakini kabla ya yote hayo, mbegu lazima zifike ndani. Hapo kwenye kufika ndipo fiziotherapia ina kazi kubwa: mwanamke anayeumia asiumie, mwili unaojifunga ufunguke, mwanaume anayeshindwa kusimamisha asaidiwe. Kwa hayo mengine manne mchango wake ni mdogo au haupo kabisa. Nalisema mapema ili usije ukamaliza akiba ya mavuno kwa kitu ambacho mikono yangu haiwezi.

Nianze na fiziotherapia au vipimo?

Vipimo. Shirika la Afya Duniani linahesabu ugumba pale wanandoa wanapokutana mara kwa mara kwa miezi 12 bila kinga na mimba isishike. Ukiwa umefikisha miaka 35, usisubiri mwaka, nenda baada ya miezi sita. Kama hedhi yako haina mpangilio, au uliwahi kuugua PID (maambukizi ya kizazi na mirija), kufanyiwa upasuaji wa tumbo, au kupata maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika, nenda sasa hivi.

Mpimwe wote wawili. Kipimo cha shahawa ni rahisi na hakiumi. Kinachotakiwa ni mwanaume akae bila kutoa mbegu kwa siku mbili hadi saba. Kwa mwanamke kuna ultrasaundi, vipimo vya maambukizi, na pengine HSG, ile picha ya mirija. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara mirija kuharibiwa na maambukizi ni sababu kubwa, hasa kwa mama aliyewahi kuzaa kisha akakwama. Kama ulikulia kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga, mwambie daktari, kwa sababu kichocho cha mkojo kinaweza kujeruhi hadi shingo ya kizazi na mirija.

Na hampo peke yenu. Mwaka 2023 shirika hilohilo lilikadiria kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupitia ugumba katika maisha yake.

Mume wangu ana mtoto nje, anasema yeye hana haja ya kupimwa.

Ana haja. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo mtoto wa miaka sita iliyopita hatuambii lolote kuhusu mbegu za leo. Mwanaume peke yake, au pamoja na mkewe, anahusika katika karibu nusu ya kesi za ugumba. Akikataa, njooni pamoja, nitamweleza mimi. Wanaume wengi hulainika wakiona kwamba hakuna anayewatuhumu.

## Maumivu na mwili unaojifunga

Tumeoana miaka miwili na hatujawahi kuingiliana kikamilifu. Kila tukijaribu ni kama anagonga ukuta. Nina kasoro gani?

Pole sana, dada. Huna kasoro ya maumbile kwa sababu hiyo tu, na huo ukuta ni misuli. "Kama anagonga ukuta" nimeyasikia kutoka kwa wanawake wasiojuana kabisa, wa mjini na wa vijijini. Hali hii inaitwa vajinismusi. Misuli ya mlango wa uke inajikaza yenyewe kitu kinapokaribia, kama jicho linavyofumba vumbi likija. Huiamrishi wewe, ndiyo maana kuambiwa "jilegeze tu" hakusaidii. Chanzo kinaweza kuwa maumivu ya mara ya kwanza, fangasi za muda mrefu, kupimwa kwa ukali, kubakwa, au maneno ya kutisha uliyoambiwa ukiwa mwali. Mara nyingine chanzo hakionekani.

Hili ndilo swali linaloniuma kuliko yote hapa. Wapo wanandoa ambao faili lao limeandikwa ugumba, mke amemeza dawa za kukuza mayai, amezungushwa kwa waganga, mawifi wameshaanza kumtafutia mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyewauliza kama tendo lenyewe linafanyika. Wao hawakusema kwa aibu. Sisi wahudumu hatukuuliza kwa aibu ileile.

Kati ya mambo yote yaliyo katika ukurasa huu, hapa ndipo tiba ya nyonga ina matokeo ya kuaminika zaidi. Wengi hufika wanapotaka ndani ya wiki kadhaa hadi miezi kadhaa, na kama hakuna tatizo lingine, mimba hufuata kwa njia ya kawaida.

Matibabu yanakwendaje?

Siku ya kwanza ni mazungumzo. Unakaa umevaa nguo zako, unaeleza, mimi nachora. Kisha tunafundisha pumzi: hewa iingie hadi tumbo na mbavu zipanuke, na unapovuta hewa usikie sakafu ya nyonga ikishuka kidogo. Inaonekana kitu kidogo. Kwa mwanamke aliyebana tumbo na makalio kwa miaka, ni kazi ya wiki nzima.

Baadaye unaujua mwili wako kwa kioo na kwa kidole chako mwenyewe, kwanza kugusa nje tu, siku nyingine ncha, siku nyingine zaidi. Wengine hutumia vipanuzi, vifaa laini vinavyopanda ukubwa hatua kwa hatua. Huku kwetu havipatikani kirahisi, na vidole safi vyenye kucha fupi vinatosha kwa wengi. Kanuni ni moja: unasogea mbele tu pale hatua uliyopo imeacha kuogopesha. Mume anaingizwa kwenye mafunzo karibu na mwisho, na katika kipindi chote hicho mnakubaliana kwamba tendo halijaribiwi. Ahadi hiyo inaponya zaidi ya watu wanavyodhani, kwani mwili unaacha kusubiri maumivu kila usiku.

Kupimwa ndani ni lazima? Na kama mtaalamu ni mwanaume?

Si lazima. Ni haki yako kukataa, kukubali kisha ukaghairi katikati, kuomba mhudumu wa kike, au kumleta dada, mama mdogo au mumeo asimame karibu nawe. Mengi yanawezekana kwa kugusa nje tu. Mtaalamu yeyote anayekulazimisha, mwache uondoke. Bikira hapimwi ndani.

Shoga yangu alinipa shabu ya kubana uke, mwingine anatumia ugoro. Vinasaidia?

Vinaharibu. Vinachoma ngozi ya ndani, vinaua bakteria wazuri, vinaleta michubuko na ukavu, na mwili ulioumizwa unajikaza zaidi. Nimewaona waliokuja na maumivu ambayo yalianzia hapo hapo. Uke hujisafisha wenyewe. Maji safi nje yanatosha.

Kama tatizo ni ukavu, tafuta kilainishi kilichoandikwa kuwa kinafaa kwa wanaotafuta mimba. Mate na vilainishi vingi vya kawaida vimeonekana maabara kupunguza kasi ya mbegu.

Mlangoni hakuna shida, ninaumia ndani kabisa. Ni kitu kilekile?

Huenda si kilekile. Maumivu ya ndani yanaweza kutoka kwenye PID, uvimbe, endometriosisi au makovu ya upasuaji. Hayo yaonwe na daktari wa wanawake kwanza. Endometriosisi, ambapo tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa kizazi huota nje yake, hatuwezi kuiondoa kwa mikono. Tunachoweza ni kutuliza misuli iliyozoea kujikunja kwa ajili ya maumivu ya kila mwezi. Kwa mwenye kuogopa tendo, hilo si dogo. Pia nitakuuliza kuhusu choo. Choo kigumu cha wiki nzima huumiza nyonga, na watu hushangaa maumivu yakipungua baada ya kuongeza maji, mbogamboga na mapapai.

## Kegel na mambo ya kitandani

Kila mtu ananiambia nifanye Kegel ili nishike mimba. Ni kweli?

Mazoezi haya ya kukaza na kuachia sakafu ya nyonga yana jina la Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeandika juu yake mwaka 1948. Shida iliyomshughulisha ilikuwa mkojo unaovuja baada ya uzazi, na huko yanafanya kazi vizuri. Hayakuzi mayai wala hayazibui kitu.

Kama misuli yako imelegea, kaza kama unayezuia hewa isitoke njia ya haja kubwa, shikilia kwa sekunde tano hadi kumi, achia kabisa kwa muda uleule, rudia mara nane hadi kumi na mbili, mara tatu kwa siku. Subiri miezi mitatu ndipo uhukumu. Usiyafanye kwa kukata mkojo katikati kila uendapo chooni, utakisumbua kibofu. Na kama tatizo lako ni la ukuta tulilolieleza juu, usiyafanye kabisa kwa sasa. Unaongeza kukaza kamba ambazo tayari zimekazwa.

Mbegu zinamwagika nje baada ya tendo. Ndiyo sababu sishiki? Niinue miguu ukutani?

Hapana kwa yote mawili. Kinachotoka ni majimaji, na kila mwanamke humtoka. Mbegu zinazohitajika huingia kwenye ute wa shingo ya kizazi ndani ya muda mfupi sana. Lala ukitaka, inuka ukitaka. Chenye maana ni siku: siku tano kabla ya yai kupevuka na siku yenyewe. Mkikutana kila siku moja au mbili katika kipindi hicho, mmefanya yote yanayotakiwa.

## Mirija, kizazi na kukandwa tumbo

Mnaweza kuzibua mirija kwa mikono?

Nitakujibu kama ningemjibu dada yangu: usiniletee mirija iliyoziba ukitegemea mikono yangu. Ipo kliniki Marekani inayofanya tiba ya mikono kwa ajili hiyo, na mwaka 2015 ilichapishwa tathmini ya mafaili ya wanawake zaidi ya 1,300, iliyoandikwa na watu wenye uhusiano na kliniki hiyo, ikidai mafanikio. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha ambalo halikutibiwa, kwa hiyo hatuwezi kujua nani angeshika mimba hata bila kuguswa. Makovu ndani ya mrija mwembamba kama uzi hayafikiwi kwa kukanda juu ya tumbo. Njia zinazojulikana ni upasuaji kwa baadhi ya wanawake, na upandikizaji wa mimba unaoipita mirija.

Na kuna hatari. Mrija ulioharibika ukipitisha mbegu lakini ukashindwa kupitisha yai lililorutubishwa, mimba inatunga hapohapo. Dalili zake nimeziandika kwenye swali la mimba iliyoshika, hapo chini.

Nimeambiwa kizazi kimegeuka. Bibi mmoja anasema atakirudisha.

Karibu mwanamke mmoja kati ya watano ana kizazi kilichoinamia nyuma, na wengi wao wamezaa bila hata kujua. Ni kama watu wa mkono wa kushoto. Kama kimegeuka kwa sababu ya makovu au endometriosisi, shida ni hayo makovu. Kukirudisha hakuna faida.

Na chango la uzazi? Kukandwa hakufai kabisa?

Neno chango limebeba mengi: maumivu ya hedhi, PID, uvimbe, mimba zinazotoka, hata huzuni. Bibi anayekukanda huenda anakutuliza kweli, kwa sababu mikono yenye joto na mtu anayekusikiliza saa nzima ni tiba ya aina yake, na sisi wa hospitali tungejifunza hapo. Simdharau. Ninachokuomba ni usikubali kukandwa kwa nguvu ukiwa na homa, uchafu wenye harufu ukeni, damu isiyoeleweka, au katika wiki mbili za mwisho kabla ya hedhi unapotafuta mimba, kwani huenda imeshashika. Na usiingize mizizi ndani.

## Wanaume

Mume wangu hawezi kusimamisha vizuri. Naye aje?

Aje, lakini kwanza apimwe sukari na presha, maana uume kulegea mara nyingine ni dalili ya kwanza ya magonjwa hayo. Misuli ya nyonga ya mwanaume ndiyo inayobana damu isitoke kwenye uume. Uingereza ulifanyika utafiti kwa wanaume 55 wenye tatizo hili. Baada ya mazoezi ya nyonga na kubadili mtindo wa maisha kwa miezi sita, asilimia 40 walirudi katika hali ya kawaida na zaidi ya theluthi walipata nafuu. Robo iliyobaki hawakunufaika. Ni utafiti mdogo, ila matokeo hayo hayafichi matatizo kama vidonge vya kichochoroni.

Mazoezi ya nyonga yanaongeza mbegu?

Hapana. Mbegu zinapenda ubaridi kuliko mwili. Anayeshinda kwenye joto la mabani ya kukaushia tumbaku, anayevuta sigara, au mwenye mishipa iliyovimba kwenye korodani ana mambo mengine ya kushughulikia na daktari. Mabadiliko yoyote yanahitaji kama miezi mitatu kabla ya kupima tena.

## Maisha ya kila siku na mahali pa kwenda

Nabeba maji na kuni kila siku. Kizazi kinaweza kulegea nisishike mimba?

Kubeba mizigo hakuzuii mimba. Kunaweza kukuletea mgongo, na kwa aliyezaa mara kadhaa kunaweza kuongeza uzito ule wa kitu kinachoshuka ukeni. Toa hewa unaponyanyua badala ya kuibana, na ndoo mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa.

Huduma hii naipata wapi?

Anzia idara ya fiziotherapia ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, au kama uko upande wa Igunga, hospitali ya Nkinga. Uliza moja kwa moja: yupo aliyejifunza matibabu ya nyonga ya wanawake? Si kila mtaalamu wa viungo amefundishwa hili, na si vibaya akikwambia hapana. Hatua inayofuata ni Bugando, Mwanza. Nenda na majibu yote ya vipimo, na kadi ya bima ukiwa nayo uulize kabla ya kutibiwa. Safari si lazima iwe kila wiki. Mazoezi mengi ni ya nyumbani, na tunaweza kufuatana kwa simu.

Mama mkwe anataka kujua ninatibiwa nini. Mtamwambia?

Hatumwambii. Siri yako ni yako, hata kwa aliyelipa nauli. Mumeo naye anaambiwa pale tu unaporuhusu.

## Hali zisizo za kawaida

Nilijifungua kwa upasuaji na kovu linavuta. Linaweza kuzuia mimba?

Kovu la nje halizuii. La ndani linaweza kushikanisha viungo, na hilo ni la daktari. Kovu la nje linalovuta tunalilainisha kwa vidole baada ya kidonda kufunga kabisa, kwa kawaida kuanzia wiki ya sita hadi ya nane. Maumivu ya tendo baada ya upasuaji mara nyingi hupungua kwa hilo.

Nilitibiwa fistula, lile tundu linalovujisha mkojo baada ya uzazi mgumu. Naweza kutafuta mtoto?

Wengi wanaweza. Kaa bila tendo angalau miezi mitatu baada ya upasuaji au kadiri daktari wako alivyosema, na mimba inayofuata ijulikane hospitali tangu mapema, kwa sababu utajifungua kwa upasuaji. Mazoezi ya nyonga yanasaidia mkojo unaovuja hata baada ya tundu kuzibwa. Njoo taratibu, mwili wako umeshapita mengi.

Nilikeketwa nikiwa mdogo na ninaumia sehemu ya kovu.

Tunakuona bila kukuhukumu wewe wala wazazi wako. Kovu linaweza kulainishwa na misuli inayojilinda ikafundishwa upya, kwa utaratibu ule wa hatua kwa hatua. Kama mlango wa uke umefungwa na kovu lenyewe, daktari anaufungua kwanza.

Nimeshika mimba! Niendelee na tiba?

Hongera. Simamisha mazoezi ya ndani na kukandwa tumbo hadi uonwe. Kama uliwahi kuwa na tatizo la mirija, piga ultrasaundi mapema. Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu cha kuanguka, maumivu ya ncha ya bega, au damu pamoja na maumivu: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na unahitaji kukodi bodaboda. Mimba nje ya kizazi inaua kwa kutoka damu ndani.

Nimefanya mazoezi miezi minane, woga umepungua lakini tendo kamili bado. Umri unakwenda. Kuna njia?

Ipo, na hakuna dhambi wala aibu ndani yake. Wanandoa wanaweza kutumia bomba safi la dawa lisilo na sindano, mbegu za mume zikakusanywa kwenye kikombe safi na kuwekwa taratibu ukeni katika siku zile sita. Zungumzeni na daktari kwanza, mbegu za mume ziwe zimepimwa na wote mmepimwa maambukizi. Wanawake hupata mimba hivi, na mazoezi yanaendelea sambamba bila shinikizo la kalenda.

Mimba ikishika, mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki. Aandike kwenye kadi yako kwamba upimaji wa njia ufanywe taratibu, kwa ruhusa yako, na mtu mmoja kila inapowezekana, ili siku ya uchungu usilazimike kueleza upya kwa mgeni.